Kujifundisha Gita Bila Mwalimu: Mwongozo Kamili kwa Anayeanza

Anayejifunza gita peke yake hakosi maelezo, kwa kuwa simu yake ina video za kumtosha maisha yake yote. Anachokosa ni sikio la mwalimu, yaani mtu wa kuketi mbele yake na kumwambia kwamba uzi wa tatu haukulia, kwamba mapigo yamekimbia, au kwamba kidole cha pete kimelala juu ya uzi wa jirani. Ndiyo maana kila hatua ya mwongozo huu nimeifungamanisha na swali moja: utajuaje, kwa masikio yako mwenyewe, kwamba umepatia? Mimi nilijifunza hapa Mombasa, katika chumba cha kupanga huko Kisauni, na muda mrefu wa mwanzo ulinipotea kwa sababu nilikuwa nikiangalia vidole tu bila kuisikiliza sauti iliyokuwa ikitoka.

Kuchagua gita

Magita ya aina mbili ndiyo yanayomfaa anayeanza: la klasiki, lenye nyuzi za nailoni na shingo pana, na la akustiki la kawaida, lenye nyuzi za chuma na shingo nyembamba zaidi. La umeme lina nyuzi laini, lakini linahitaji spika na waya, nami naona gharama hiyo ingoje. Kwa anayeishi Pwani mimi hupendekeza nailoni, kwa sababu haiumizi sana vidole katika wiki za mwanzo na kwa sababu nyuzi zake tatu nyembamba haziwezi kupata kutu. Hata hivyo, ikiwa sauti inayokukosesha usingizi ni ile ya nyuzi za chuma, nunua la chuma, kwani mtu hurudi kila siku kwenye kitu anachokipenda, na kurudi kila siku ndiko kunakomfundisha.

Uendapo kununua, liwe jipya la dukani au la mtumba kutoka kwa mtu, usiridhike na rangi wala mng'aro. Liinue, ufumbe jicho moja, uangalie shingo kuanzia upande wa kichwa kama seremala anavyoangalia ubao. Shingo inapaswa kuwa imenyooka, au kuwa na mpindo mdogo mno wa kuelekea mbele. Kisha hesabu freti, vile vyuma vyembamba vilivyopachikwa shingoni, hadi ufike ya 12, na upime kwa rula nafasi iliyopo kati ya chuma hicho na uzi mnene. Kwenye gita la nyuzi za chuma, milimita 2 hadi 2.5 zinatosha; kwenye la nailoni, milimita 3 hadi 4. Nafasi ikizidi hapo, utabonyeza hadi mkono ushikwe na ganzi, na utadhani huna kipaji ilhali kosa ni la chombo. Bonyeza kila uzi kwenye kila freti, moja baada ya nyingine, ukisikiliza kama kuna mahali panapokwaruza. Jambo hili huchukua dakika tano, na muuzaji mwaminifu hatakukataza.

Lipo jaribio jingine ambalo wanunuzi wengi hawalijui. Gusa uzi kwa wepesi, bila kuubonyeza, juu kabisa ya freti ya 12, uudonoe, halafu uondoe kidole mara moja. Utasikia sauti nyembamba kama ya kengele. Sasa ubonyeze uzi huohuo kwenye freti hiyohiyo na kuudonoa tena. Sauti hizo mbili zinapaswa kuwa moja. Zikitofautiana waziwazi, gita hilo halitapatana hata ulikaze vipi, na sikio lako litajifunza makosa.

Mwisho, chukua kipande cha karatasi ujaribu kukipenyeza chini ya daraja, yaani kile kipande cha mbao kilichogandishwa juu ya tumbo la gita ili kuzishika nyuzi. Karatasi ikipenya, gundi imeanza kuachia. Nalisema hili kwa uchungu. Gita langu la kwanza lilikuwa la klasiki, na aliyeniuzia alikuwa amelifunga nyuzi za chuma akidai kwamba zina sauti kali zaidi. Nyuzi sita za chuma zikikazwa sawasawa huvuta kwa nguvu ya jumla ya kilo 70 hivi, ilhali za nailoni huvuta kwa karibu kilo 40, na gita la klasiki limejengwa kwa hizo 40. Usiku mmoja wakati wa kaskazi, mabati yakiwa bado yanatoa joto la mchana, nilisikia mlio kama wa ubao unaovunjwa kwa goti. Nilipowasha taa nikaliona daraja limeng'oka, ganda jembamba la mbao limeganda chini yake, na nyuzi zimejikunja hewani. Kwa hiyo gita la nailoni lifungwe nailoni, na la chuma lifungwe chuma.

Kulitunza katika hewa ya Pwani

Hewa yetu ina unyevu na chumvi, na vyote viwili ni maadui wa gita. Kila umalizapo kupiga, pitisha kitambaa kikavu cha pamba juu na chini ya kila uzi, maana jasho la vidole likichanganyika na chumvi huzila nyuzi za chuma kwa muda mfupi. Uzi wenye kutu huutambua kwa kidole kabla ya jicho: unakwaruza, na sauti yake inakuwa butu, haivumi. Gita lihifadhiwe ndani ya mfuko wake, mbali na dirisha linaloelekea baharini na mbali na ukuta unaopigwa na jua la alasiri. Vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya na mikoba, vitie humo mfukoni. Usiliache kamwe ndani ya gari lililoegeshwa juani, hata kama unaingia Marikiti mara moja tu, kwa kuwa joto la namna hiyo hulainisha gundi.

Kupatanisha nyuzi

Nyuzi huhesabiwa kuanzia ule mwembamba kabisa, ulio karibu na sakafu unapolipakata gita. Huo ndio uzi wa kwanza, na ule mnene ulio karibu na kidevu chako ni wa sita. Kuanzia wa sita hadi wa kwanza, majina ya sauti zake ni E, A, D, G, B, E. Yakariri kwa sauti hadi yatoke bila kufikiri.

Pakua programu ya kupimia sauti kwenye simu. Ziko nyingi zisizolipishwa. Donoa uzi mmoja, uangalie kioo kinakwambia nini, kisha uzungushe kigingi, kile kinachokaza uzi kichwani mwa gita, kidogokidogo. Kila mara anzia chini ya sauti unayoitaka na upande kuifikia. Ukiwa umeipita, legeza hadi chini yake ndipo ukaze tena, kwa sababu uzi uliofikishwa mahali pake kwa kulegezwa huendelea kuteleza. Nyuzi mpya hunyooka kwa siku mbili tatu, basi usishangae zikishuka kila baada ya wimbo.

Baada ya wiki mbili, anza kupatanisha kwa sikio kwanza, na simu uitumie kukagua tu. Bonyeza uzi wa sita kwenye freti ya 5. Sauti hiyo ni sawa na uzi wa tano ukiwa wazi, yaani bila kubonyezwa. Uzi wa tano kwenye freti ya 5 unakupa wa nne, na wa nne kwenye freti ya 5 unakupa wa tatu. Hapo kanuni inabadilika mara moja: uzi wa tatu hubonyezwa kwenye freti ya 4 ili kuupata wa pili. Kisha wa pili kwenye freti ya 5 unakupa wa kwanza.

Sikiliza kwa makini kinachotokea nyuzi mbili zinapokaribiana bila kupatana. Sauti huanza kupanda na kushuka kama wimbi: wou, wou, wou. Uzi wa tano, ambao ni A, hutetemeka mara 110 kwa sekunde. Mwenzake akiwa anatetemeka mara 112, utasikia mawimbi mawili katika kila sekunde. Ukaze kidogo ule ulio chini na mawimbi yatapungua mwendo, yatakuwa marefu, hatimaye yatatulia tuli kama maji ya bandarini alfajiri. Nikiulizwa ni zoezi gani moja lililoniletea manufaa makubwa kuliko yote, nitataja hili, kwa sababu liliniondolea wasiwasi: tangu siku niliyoyasikia mawimbi hayo, sikuhitaji mtu wa kunithibitishia kwamba gita langu limepatana.

Kukaa na kushika

Kaa kwenye kiti kisicho na mikono, mgongo ukiwa umenyooka, na kiuno cha gita kikae juu ya paja la kulia. Kitanda hakifai, kwani kinakuinamisha. Mkono wa kulia utaegemea ukingo wa tumbo la gita, na wa kushoto utakuwa huru kabisa. Haupaswi kubeba uzito wa shingo hata kidogo. Ukiuondoa mkono wa kushoto na gita likaanguka upande, basi hujalikalisha sawasawa. Anayetumia mkono wa kushoto anaweza kujifunza kama wengine au kutafuta gita la upande wake. Ila aamue mwanzoni, maana kugeuza baada ya mwaka ni kuanza upya.

Kata kucha za mkono wa kushoto hadi zisigonge shingo. Gumba likae nyuma ya shingo, katikati au juu kidogo, bila kukaba. Vidole vinne vilivyobaki nitaviita kwa majina yake: shahada, kati, pete na kidogo. Vibonyeze kwa ncha, si kwa tumbo la kidole, na kila kimoja kikae nyuma tu ya chuma cha freti, karibu iwezekanavyo bila kukipanda.

Zoezi la kwanza ni hili. Kwenye uzi wa kwanza, bonyeza freti ya 1 kwa shahada, ya 2 kwa kati, ya 3 kwa pete na ya 4 kwa kidogo, ukidonoa kila mara, kisha uhamie uzi wa pili, na hivyo hivyo hadi wa sita. Sauti ikikwaruza au ikifa, usibonyeze kwa nguvu zaidi mara moja. Sogeza kidole kwanza kuelekea chuma cha freti, kwa kuwa mara nyingi umbali ndio kosa. Ikiwa bado, tazama kama kidole kingine kinaugusa uzi huo. Nguvu iwe ya mwisho kushukiwa. Jaribu pia kinyume chake: bonyeza hadi sauti iwe safi, kisha ulegeze polepole hadi ianze kukwaruza, uone ni nguvu ndogo kiasi gani inayohitajika. Wengi hutumia mara mbili ya nguvu hiyo, na ndiyo maana huchoka.

Ncha za vidole zitauma. Maumivu hayo ni ya kawaida, na kwa anayefanya mazoezi kila siku, sugu huanza kujengeka baada ya wiki mbili hadi nne. Vipindi vya dakika 15 au 20 vyenye mapumziko ni bora kuliko saa nzima ya mateso. Usishike gita mara baada ya kufua au kutoka kuogelea, kwani ngozi iliyolainika kwa maji hukatwa na uzi. Maumivu ya kifundo cha mkono ni jambo jingine kabisa: hayo ni dalili ya mkao mbaya, na unapoyasikia acha hapo hapo, upumzike, kisha urekebishe mkao.

Kodi sita za mwanzo

Sauti kadhaa zinazopigwa pamoja zikapatana huitwa kodi, neno ambalo wapigaji wamelitohoa na ambalo halihusiani na ushuru. Kodi huandikwa kwa herufi. Ikiwa na m ndogo pembeni, kama Am, ni kodi maina, yenye sauti ya majonzi kiasi, na isipokuwa nayo ni meja. Vitabu vingi humwanzisha mwanafunzi kwa G, C na D. Mimi naanza na E na Am, kwa sababu mkono hauhitaji kubadili umbo kutoka moja kwenda nyingine.

Kwa E, weka shahada kwenye uzi wa tatu freti ya 1, kati kwenye uzi wa tano freti ya 2, na pete kwenye uzi wa nne freti ya 2, kisha ucharaze nyuzi zote sita. Sasa lichukue umbo hilohilo lote ulishushe uzi mmoja kuelekea sakafuni: shahada inakuwa kwenye uzi wa pili freti ya 1, kati kwenye uzi wa nne freti ya 2, pete kwenye uzi wa tatu freti ya 2. Hiyo ni Am, na inacharazwa kuanzia uzi wa tano. Ukiinua shahada peke yake kutoka kwenye E, umepata Em. Ukiwa kwenye Am, ondoa pete tu uipeleke uzi wa tano freti ya 3, nawe una C, inayocharazwa pia kuanzia uzi wa tano. Kutoka C, pandisha pete na kati uzi mmoja mmoja, pete iwe uzi wa sita freti ya 3 na kati uzi wa tano freti ya 2, uondoe shahada, na uweke kidogo kwenye uzi wa kwanza freti ya 3. Hiyo ni G. Ni D peke yake isiyo na ndugu wa karibu hapa: shahada uzi wa tatu freti ya 2, pete uzi wa pili freti ya 3, kati uzi wa kwanza freti ya 2, na inacharazwa kuanzia uzi wa nne.

Kila kodi mpya uikague uzi kwa uzi. Usicharaze, donoa mmoja mmoja polepole, na usikilize kila sauti hadi iishe. Uzi mmoja ulio bubu ndani ya kodi ya nyuzi sita haujitangazi unapocharaza, lakini huifanya kodi ikose ladha kama mchuzi uliosahauliwa chumvi. Katika C, aliye bubu huwa mara nyingi ni uzi wa kwanza, kwa kuwa shahada imelala juu yake. Inua kifundo kidogo ili kidole kisimame.

Kuhama kutoka kodi hadi kodi

Hapa ndipo wengi wanapoliacha gita likaning'inia ukutani. Kodi moja moja wanaziweza, lakini kati ya moja na nyingine pana kimya kirefu, na wimbo unavunjika. Dawa yake ni zoezi la dakika moja. Chagua kodi mbili tu, tuseme Am na C, uweke saa ya simu sekunde 60, na uhesabu umehama mara ngapi, ukicharaza mara moja tu kwa kila kodi. Andika idadi hiyo kwenye daftari pamoja na tarehe. Ukianza na 12 hakuna tatizo. Ukifika 30, kodi hizo zinaweza kuingia katika wimbo wa polepole; ukifika 60, zimekuwa zako. Kwa siku fanya jozi tatu, si zaidi.

Angalia mienendo miwili. Kwanza, kidole kisicho na haja ya kuondoka kisiondoke: kati ya Am na C, shahada na kati hubaki zimebonyeza palepale. Pili, vidole vinavyohama vitue pamoja. Anayeanza huviteremsha kimoja kimoja kama mtu anayeshuka ngazi, na tabia hiyo haiondoki kwa kasi. Inaondoka kwa kuinua kodi nzima sentimita moja juu ya nyuzi na kuirudisha kwa pamoja, mara kumi, taratibu.

Mkono wa kulia

Wasikilizaji husamehe kodi yenye uzi mmoja bubu, lakini mapigo yakivunjika hata mtoto anajua. Kwa hiyo mkono wa kulia una kanuni moja iliyo juu ya nyingine zote: usisimame. Uende chini na juu bila kukoma, kutoka kwenye kiwiko na kifundo, kwa ulegevu ule wa mtu anayepepea jiko la makaa. Mara nyingine unazigusa nyuzi, mara nyingine unapita hewani, lakini mwendo haukatiki. Unaweza kutumia gumba, kucha, au kipande cha plastiki ambacho wapigaji hukiita piki.

Ziba nyuzi kwa kuzilalia vidole vya kushoto bila kuzibonyeza, ili usikie mapigo matupu yasiyo na sauti. Weka metronomu ya simu, yaani programu inayogonga mapigo sawasawa, kwenye mapigo 60 kwa dakika, na uhesabu kwa kinywa: moja-na-mbili-na-tatu-na-nne-na. Mkono unashuka kwenye namba na kupanda kwenye "na". Ukiweza hivyo dakika mbili bila kuteleza, anza kuruka baadhi: gusa kwenye moja, gusa kwenye mbili na "na" yake, pita hewani kwenye tatu, lakini uguse "na" yake unapopanda, kisha gusa nne na "na" yake. Mchoro huo mmoja utakubebea nyimbo nyingi mno. Usiongeze kasi hadi uweze kuupiga huku unazungumza na mtu.

Sisi wa Pwani tuna mapigo yetu ambayo video nyingi haziyafundishi. Chakacha huenda kwa sita. Hesabu moja hadi sita mfululizo, ukigonga mguu kwenye moja na nne. Mguu ukishatulia, piga makofi kwenye moja, tatu na tano. Utahisi mapigo mawili ya mguu na matatu ya makofi yanavutana ndani ya mwili mmoja, na mvutano huo ndio unaowatikisa wanawake viuno harusini. Kwenye gita, shika Am na udonoe uzi wa tano kwa gumba kwenye moja, uzicharaze nyuzi nyembamba kwa wepesi kwenye mbili na tatu. Kisha gumba tena kwenye nne, na wepesi kwenye tano na sita. Baadaye hamisha msisitizo uangukie moja, tatu na tano, huku mguu ukibaki palepale. Mimi ulinichukua mwezi mzima, na sijutii hata siku moja.

Kujenga sikio

Anayeimba kwaya na kujua do, re, mi ana hazina tayari. Chukua uzi wowote ukiwa wazi na uuite do. Kwenye uzi huohuo re iko freti ya 2, mi ya 4, fa ya 5, so ya 7, la ya 9, ti ya 11, na do ya juu ya 12. Kila siku tafuta sentensi moja ya wimbo unaoujua kwa moyo, uwe wa watoto, wa kanisani, kaswida au ule uliosikia kwenye matatu asubuhi. Uimbe kwanza, kisha utafute freti. Utakosea, utarudi, na siku ya kumi utashangaa kwamba kidole kinakwenda chenyewe.

Baada ya hapo tafuta kodi za wimbo. Sauti ambayo wimbo unapenda kutulia mwishoni kwa kawaida ndiyo do yake. Ikiwa do ni G, basi kodi zinazotegemewa zaidi ni G, C na D, zilizojengwa juu ya do, fa na so. Imba polepole ukijaribu moja kati ya hizo tatu kila mahali unapohisi wimbo umegeuka. Isiyofaa itakukera mara moja. Sauti ikiwa chini mno kwa koo lako, funga kapo, kile kibanio cha shingoni, ukisogeze hadi upatane nayo bila kubadili maumbo ya kodi.

Sikiliza pia waliotangulia. Fundi Konde, mwana wa Pwani aliyezaliwa mwaka wa 1924, anaonyesha jinsi gita linavyoweza kuandamana na mashairi ya Kiswahili bila kuyafunika. Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, huko Kongo, aliyerekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mnamo 1952, alidonoa kwa gumba na kidole cha shahada tu, na bado husikika kama watu wawili. Them Mushrooms, kundi lililoanzishwa Mombasa mwaka wa 1972 na kuzoeleka katika hoteli za ufuoni, linafaa kwa anayetaka kusikia mapigo mepesi yaliyonyooka. Chagua rekodi moja na uisikilize wiki nzima, ukifuata gita peke yake tangu mwanzo hadi mwisho.

Ratiba na rekodi ya simu

Nusu saa kila siku inatosha. Dakika tano za kupatanisha na kupasha vidole moto, dakika kumi za kuhama kodi, kumi za mapigo au wimbo, na tano za kutafuta sauti kwa sikio. Alfajiri ndiyo bora, kabla joto halijalowesha viganja, ila katika nyumba zilizoshikana ukuta kwa ukuta kama zetu, kumbuka jirani aliyerudi zamu ya usiku bandarini, na adhana inapoanza weka gita chini hadi imalizike.

Kila Ijumaa, jirekodi kwa simu ukipiga wimbo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, bila kurudia. Usisikilize siku hiyo. Sikiliza kesho yake, daftari mkononi, maana ukiwa unapiga akili yako imejaa vidole na haisikii vizuri. Andika makosa mawili tu: mahali mapigo yalipoharakisha, na kodi iliyochelewa. Makosa hayo mawili ndiyo kazi ya wiki inayofuata. Rekodi usizifute.

Baada ya miezi mitatu

Ukiweza kupiga nyimbo tatu bila kusimama, ni wakati wa F. Anza na ile ndogo: shahada ilale juu ya uzi wa kwanza na wa pili freti ya 1, kati kwenye uzi wa tatu freti ya 2, na pete kwenye uzi wa nne freti ya 3, ukicharaza kuanzia uzi wa nne. Ile kubwa, ambayo shahada hulazwa juu ya nyuzi zote sita, itakuja baadaye. Unapoijaribu, lalia ubavu wa kidole kilipo kigumu, na uvute mkono mzima nyuma kwa uzito wake badala ya kukaba kwa gumba.

Wakati huohuo tafuta mtu wa kupiga naye, awe na ngoma, kinanda au sauti tu. Patanisheni kwanza, hata kama kila mmoja alishapatanisha nyumbani, na anayeanza amfuate mwenye ngoma. Ukipotea katikati ya wimbo, usiuzuie mkono wa kulia: zilalie nyuzi kwa vidole vya kushoto ili zisitoe sauti, endelea kupepea mapigo matupu pamoja na wenzako, na usikilize hadi kodi unayoijua ipite tena, uingie hapo.